Unaenda oparesheni ya kizazi? Panga nyumba kwanza, thieta baadaye

Kila mwezi kwa chama yetu ya kina mama hapa Kondele, Kisumu, lazima kuwe na mama mmoja ananivuta kando tukimaliza kuchanga, anashusha sauti, anauliza "sasa mama, si wewe ndio ulifanyiwa ile kitu, kwani waliitoa yote?" Na ukimwangalia tu unajua amekaa na shida miaka. Kwa hivyo nimeamua kuandika yote yenye najua, polepole, ndio hata wewe mwenye uko Nakuru ama Mumias ama Ahero na huna mtu wa kuvuta kando upate pa kuanzia. Mimi si daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, kizazi changu kilishuka nikafanyiwa oparesheni ya kupitia chini miaka minne imepita, na tangu hapo nimesindikiza wengine watatu, nikalala nao wodini, nikaona mengi.

Kitu kubwa nataka ushike ni hii. Oparesheni yenyewe ni saa moja, mbili, wakati mwingine tatu, na hiyo ni kazi ya daktari. Wiki 6 za nyumbani ndio kazi yako, na hapo ndio wengi tunaharibu, si kwa kupenda, ni vile hakuna mtu alipanga nani atateka maji.

Kwanza ujue jina la shida yako

Sisi tunaita kila kitu "shida ya kizazi" lakini hizi vitu ni tofauti kabisa na dawa yake ni tofauti.

Kuna kizazi kushuka. Misuli na kano zenye hushikilia kizazi, kibofu na njia ya choo zinalegea, sana sana juu ya kuzaa, hasa uchungu ukikaa sana ama mtoto akiwa mkubwa, halafu umri baada ya hedhi kukatika, kikohozi kisichoisha, choo ngumu ya kila siku, na mizigo mizito miaka nenda miaka rudi. Unasikia uzito huko chini, jioni ni mbaya kuliko asubuhi, wengine wakioga wanagusa kitu kama yai. Na si lazima iwe ni kizazi yenyewe, inaweza kuwa kibofu ndio kimesukuma ukuta wa mbele wa uke ama njia ya choo imesukuma ukuta wa nyuma, ndio maana wawili wenye wanasema "nimeshuka" wanaweza kufanyiwa oparesheni mbili tofauti.

Kuna mkojo kutoroka ukikohoa, ukicheka, ukiinua mtungi. Hiyo ni nguvu ya kufunga mkojo imepungua. Halafu kuna fistula, na hii tafadhali usiichanganye na ile ya kukohoa. Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke, ama kati ya njia ya choo na uke, na mara nyingi inatokana na uchungu uliokaa siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto kikabana nyama mpaka ikafa. Hapo mkojo unatiririka tu usiku na mchana, hata umelala. Kuipima daktari anaweza kujaza kibofu na maji ya rangi ya buluu aone yanatokea wapi. Nasisitiza hii kwa sababu kuna mama nilimpeleka alikuwa amepewa antibayotiki za mkojo karibu mwaka mzima, zahanati moja hadi nyingine, na hakuna hata mmoja alikuwa amemwambia apande kitanda aangaliwe. Ukienda na shida ya huko chini na mtu akuandikie dawa bila kukuangalia, omba uangaliwe. Kama unaona haya kuangaliwa na mwanaume, omba sista akae ndani na wewe, si kosa kuomba.

Fibroidi (uvimbe wa kizazi), uvimbe wa ovari, jipu la pale mdomoni mwa uke, hizo nazo ziko, ziko na njia zake, leo sitaingia sana huko, ila maswali ya kuuliza yenye nitaandika hapa chini ni yale yale.

Na dawa za kienyeji za kuingizwa ndani ili "irudi", mama, wacha. Zinachoma ngozi ya uke, zinaleta vidonda, na daktari hawezi kushona nyama yenye iko na vidonda, atakungojesha kwanza ipone.

Si kila mtu anapelekwa thieta

Kama imeshuka kidogo na haikusumbui hakuna haja ya kukimbilia kisu. Kuna mazoezi ya misuli ya chini, unakaza pale ni kama unazuia mkojo na gesi kwa pamoja, unashikilia hesabu hadi kumi kama unaweza, unaachilia, unarudia mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku. Fanya angalau miezi 3 ndio useme imekataa. Mimi nilikuwa nafanya nikichambua omena, hakuna mtu anajua. Inasaidia sana mkojo wa kukohoa na kizazi chenye kimeshuka kidogo, lakini chenye kimetoka nje kabisa hakiwezi kurudishwa na mazoezi, na fistula ya kudumu haiwezi kuzibwa na mazoezi, usidanganywe.

Pia kuna pesari, ni ringi laini ya silikoni yenye daktari ama sista anaweka ndani ishikilie kizazi. Inakuja saizi tofauti, unaweza kujaribu mbili tatu kabla upate yako, na inatolewa na kuoshwa na kuangaliwa kila miezi kadhaa. Shosho mwenye presha yake haikai chini, ama mtu bado anataka kuzaa, hiyo inaweza kuwa bora kuliko oparesheni. Na kama bado unataka watoto sema mapema, kwa sababu kuzaa tena baada ya kushonwa kunaweza kulegeza yote, madaktari wengi watakuambia umalize kuzaa kwanza.

Kuna matangazo pia ya "kukaza uke" kwa mashine ya leza, unaona picha nzuri na bei kubwa. Mwaka wa 2018 wakala wa dawa wa Marekani, FDA, walitoa onyo kuhusu hizo mashine, kuungua, makovu na maumivu ya muda mrefu. Kushonwa kwa sababu ya ugonjwa ni kitu kingine, na hii ya kutafutwa mitandaoni ni kitu kingine. Mimi siwezi kumshauri mtu.

Kabla hujasaini

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu iliniuma.

Mimi nililetewa fomu saa tatu usiku, kesho yake ndio oparesheni. Sista alikuwa amechoka, wodi imejaa, akanionyesha pa kuweka sahihi nikaweka. Nilijua "wanarekebisha". Siku ya pili baada ya oparesheni daktari akipita na wanafunzi wake nikasikia akiwaambia kizazi kilitolewa. Nilisikia hivyo, nikiwa nimelala, kwa lugha haikuwa ya kuniambia mimi. Labda hata ningekubali, sikuwa napanga mtoto mwingine, na kweli kwa kizazi chenye kimeshuka kupita kiasi mara nyingi ndio wanafanya hivyo. Lakini nililia wiki mbili, si kwa sababu ya kizazi, ni kwa sababu hakuna mtu aliniambia na mimi sikuuliza.

Sasa wewe uliza. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inasema lazima uelezwe hali yako, njia zenye ziko, faida na hatari ya kila moja, na haki yako ya kukataa, kwa lugha unayoelewa. Kijaluo, Kiluhya, Kikalenjin, Kiswahili, yoyote. Kama huelewi omba mtu wa kutafsiri na si mtoto wako mdogo. Andika maswali kwa karatasi nyumbani, kwa sababu ukiona koti jeupe kichwa kinapotea.

Uliza wanatoa nini na wanaacha nini. Kizazi pekee? Na mlango wa kizazi? Ukiachiwa mlango wa kizazi bado utaendelea kupimwa saratani yake, kwa hivyo lazima ujue. Na ovari? Hii muhimu sana kwa mtu hajakata hedhi, ovari zikiachwa mwili unaendelea na homoni zake ingawa damu ya mwezi haitakuja tena, zikitolewa zote mbili unaingia ukomo wa hedhi mara moja, joto, jasho usiku, kukosa usingizi, mifupa inaanza kupungua nguvu. Uliza watapitia wapi, tumboni, chini, ama vitundu vidogo na kamera, kwa sababu kupona si sawa. Uliza nani atashika kisu na amefanya ngapi za aina hiyo, muulize kwa heshima, daktari mzuri hakasiriki. Jina lake unaweza kuangalia kwa rejista ya KMPDC, baraza la kusajili madaktari Kenya, kwa intaneti uone kama amesajiliwa.

Uliza kama wataweka wavu wa plastiki. Mwaka wa 2019 FDA hao hao waliagiza kampuni ziache kuuza ule wavu wa kuwekwa kupitia ukeni kwa ajili ya kizazi ama kibofu kushuka, kwa sababu hazikuonyesha kwamba ni salama vya kutosha, na wanawake wengine ulikuwa umewatoboa na kuwaumiza. Kuna nyavu zingine za kupitia tumboni na mkanda mwembamba wa kuzuia mkojo, hizo ni hadithi tofauti, lakini kitu chochote kitabaki ndani ya mwili wako ujue kipo na kiandikwe kwa karatasi yako.

Halafu uliza, inaweza kurudi? Jibu la ukweli ni ndio, inaweza, hata ikishonwa vizuri. Akikuambia "haiwezi kabisa" muulize tena.

Na kuhusu mambo ya chumbani, kwa sababu hilo ndio swali lenye watu wanauliza wa mwisho wakiwa mlangoni: kutolewa kizazi hakumalizi hamu na hakukufanyi "baridi" vile watu wanasema sokoni. Uke unashonwa juu unabaki kama mfuko, hakuna kitu kitapotelea tumboni. Wengine wanasikia ukavu ama maumivu mwanzoni, mwambie daktari, kuna krimu za homoni na vilainishi.

Pesa na mahali

Hapa Kisumu kuna hospitali ya Jaramogi, ile wazee bado wanaita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, Nakuru kuna ile hospitali kubwa ya kaunti watu bado wanaita PGH, Eldoret kuna Moi, na huko huko Eldoret kuna Gynocare ambayo inajulikana kwa fistula. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kama hujajiandikisha bonyeza *147# leo, si siku ya kulazwa. Mwenye hajaajiriwa anatakiwa kulipa ya mwaka, na kidogo kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Oparesheni za kupangwa zinahitaji idhini ya SHA kabla ya siku yenyewe, kwa hivyo uliza dawati la SHA la hospitali yako: idhini imetoka? inalipa ngapi? mimi natoa nini mfukoni? Uliza pia kama kuna vitu utanunua nje na kama utahitaji ndugu wa kutoa damu. Usikae kimya ukitegemea itajulikana huko mbele.

Fistula mara nyingi kuna kambi za matibabu ya bure, hasa karibu na tarehe 23 Mei, siku ya dunia ya kumaliza fistula. Uliza mhudumu wa afya wa kijiji chenu, wao ndio hupata habari mapema. Na hapo ukubali kwenda hata kama ni miaka ishirini umekaa nayo, bado inashonwa.

Sasa panga nyumba

Hii ifanye wiki mbili kabla, na ukikosa mtu wa hii kazi, kama si ya haraka, sogeza tarehe. Nasema nikimaanisha.

Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Baada ya kushonwa huruhusiwi kuinua kitu kizito kuliko birika lililojaa, wiki 6 nzima, na mizigo mikubwa ni hadi miezi 3. Hiyo inamaanisha hakuna kuteka maji, hakuna kuni, hakuna kufua blanketi, hakuna kubeba mtoto mgongoni, hakuna kusonga ugali ya watu kumi, ile ya kusonga na mikono miwili ukikaza tumbo. Nani atafanya? Taja jina. "Watasaidia" si jina. Mimi niliongea na dada ya mume wangu akaja wiki tatu, halafu chama ikalipa kijana wa mkokoteni alete mitungi sita kila asubuhi na kuimimina kwa pipa ndani, nikawa nachota na kikombe kikubwa. Jirani yangu yeye alirudi nyumbani siku ya tano, siku ya kumi na mbili akaenda kisimani kwa sababu watoto wameenda shule na hakuna maji, jioni damu ikaanza, akarudi thieta. Si ujinga wake. Nyumba ilikuwa haijapangwa.

Mume akae na wewe kliniki siku moja asikie kwa masikio yake kuhusu wiki 6 hadi 8 bila tendo la ndoa. Ukimwambia wewe anaweza kufikiri ni visingizio, akiambiwa na daktari anatii. Kama nyumbani si salama kwa hilo, mwambie sista waziwazi, na uende kwenu, kwa mama yako ama dada, upone huko.

Choo. Kama mnatumia choo cha shimo kuchuchumaa itakuwa shida wiki ya kwanza. Tafuta kiti cha plastiki, kikatwe shimo katikati, kingo zilainishwe zisikukwaruze, unaweka juu ya shimo unakaa. Chini ya miguu weka kistuli kidogo, magoti yapande juu, choo inatoka bila kusukuma. Kusukuma choo ngumu ndio adui wa zile nyuzi. Kwa hivyo papai, avokado, mboga kama mrenda na osuga, maji mengi, na kama daktari amekuandikia dawa ya kulainisha meza kama vile meza zingine, usiseme hii si muhimu.

Siku zenyewe

Kabla ya kwenda waambie dawa ZOTE unameza, ya presha, sukari, aspirini, ARV, na zile za mitishamba pia, zingine zinazidisha kutoka damu. Usiache yoyote mwenyewe, wao ndio wanakuambia ipi iachwe. Ukiwa na kikohozi sema, wataahirisha, kukohoa juu ya nyuzi mbichi si vizuri. Chakula unaacha angalau saa 6 kabla, maji matupu saa 2 kabla, lakini fuata vile hospitali yako itasema. Na chai ya maziwa ni chakula! Kuna mama alirudishwa wodini mbele yangu kwa sababu ya kikombe kimoja.

Wengi wanachomwa sindano ya mgongo, unakufa ganzi kiuno kushuka, unasikia watu wakiongea. Si kweli kwamba itakuumiza mgongo maisha yote. Lakini ukipata kichwa kinachouma sana ukikaa na kinatulia ukilala, sema, inatibika. Utatoka thieta na mpira wa kutoa mkojo hadi kwa mfuko, na mara nyingi gozi ndefu (kitambaa chepesi cha bandeji) imejazwa ukeni kuzuia damu, inatolewa baada ya siku hivi. Uliza "nimewekewa gozi? inatoka lini?" na ikitolewa uone. Mpira ukitoka hakikisha umekojoa vizuri kabla ya kwenda nyumbani. Tembea mapema, hata kutoka kitandani hadi dirishani, ndio damu isigande miguuni.

Kwa wa fistula mpira unakaa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema siku 7 hadi 10 kwa fistula rahisi, ngumu zinaweza kukaa zaidi. Huo mpira ndio unalinda mshono, kunywa maji sana, usiulalie, na ukiona mkojo umeacha kushuka kwa mfuko ita sista saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Tendo la ndoa ni miezi 3 bila, na mimba ijayo ni hospitali, kwa upasuaji.

Kwenda nyumbani si kwa nduthi, yaani pikipiki. Kaa kiti cha mbele cha matatu ama tafuta gari, weka mto chini.

Uchafu wa kahawia ama damu kidogo wiki kadhaa ni kawaida, na vipande vya uzi vikitoka ni kawaida pia, usivivute. Tumia pedi tu, usiingize kitu, usijioshe ndani, na maji ya chumvi uliza daktari wako kwanza. Lakini rudi hospitali mara moja, hata usiku, ukiona damu inajaza pedi kwa saa moja, homa ya 38 kwenda juu, uchafu wenye harufu mbaya, mkojo umekataa kutoka ama unatoka wenyewe, tumbo linaumwa linazidi, mguu mmoja umevimba na unauma, ama kifua kinabana na pumzi haitoshi. Hiyo ya mguu na kifua usingoje hata chai ipoe.

Kliniki ya wiki ya 6 nenda hata kama unajisikia mzima. Yangu nilikuwa nataka kuiruka, nauli ilikuwa shida na nilikuwa nimeanza kufagia fagia, lakini nikaenda, na daktari akaona kuna nyama ndogo imeota pale penye mshono ndio ilikuwa inaniletea damu kila nikijikaza, akaichoma na dawa, dakika tano, bila maumivu ya maana. Hiyo siku ndio nilimuuliza pia kile sikuuliza mwanzo, nini kilitolewa na nini kilibaki, akanichorea kwa nyuma ya karatasi, ovari mbili ziko, mlango wa kizazi umetoka. Hiyo karatasi iko kwa faili yangu pamoja na kadi, na nikienda hospitali yoyote ndio natoa kwanza.